Chakula cha Bakteria Kutokana na Mabaki ya Jikoni: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Chupa moja ya unga wa kukuzia bakteria uliotengenezwa kiwandani inaweza kumeza fedha za maabara za muhula mzima, ilhali maganda ya viazi ya jikoni mwa shule hutupwa kila siku na mifupa ya mbuta, ambayo watu wa Kisumu huiita mgongo wazi, huuzwa kwa bei ya chini. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, kwanza Kisumu na sasa Nakuru. Kupika chakula chenyewe si kazi ngumu. Ugumu huanza siku ya tatu, unapofunua kabati ukakuta sahani za kukuzia bakteria zimefanya jambo ambalo hukulitarajia, nawe hujui kama kosa liko kwenye mchuzi, kwenye moto, kwenye maji au mkononi mwako.

Ili dalili zisomeke, ni lazima kuwe na kipimo cha kulinganishia, kwa hiyo nataja mapishi ninayoyatumia kama msingi. Gramu 250 za minofu iliyobaki kwenye mgongo wazi, au vumbi la omena lililobaki chini ya gunia, huchemshwa katika lita moja ya maji kwa saa moja. Mchuzi huchujwa, huongezwa gramu 5 za chumvi, hurekebishwa pH (kipimo cha uchachu) hadi 7.4, huchemshwa tena na kuchujwa tena, na mwishowe hutiwa gramu 15 za agari ya maabara, unga wa mwani wa kugandishia, au 20 ikiwa ni agari ya upishi, ambayo nguvu yake ya kugandisha hubadilika kutoka pakiti moja hadi nyingine. Maganda ya viazi hutumika kwa gramu 200 kwa lita, lakini yakiwa peke yake huwafaa kuvu kuliko bakteria, kwa sababu yana wanga mwingi na protini kidogo.

Sahani mbili za ushahidi

Kila unapomimina chakula kipya, tenga sahani mbili. Ya kwanza usiipande kitu chochote. Ifunge na uiweke pamoja na nyingine. Ya pili ipande bakteria ambao una hakika wanaota kwa urahisi. Mimi hutumia bakteria wa nyasi kavu, wa jamii ya Bacillus: nyasi huchemshwa katika maji kwa dakika kumi, maji yakafunikwa kwa pamba, na baada ya siku mbili utando mweupe hutanda juu, kwa kuwa spora zao, yaani mbegu zao zenye ganda gumu, huvumilia mchemko unaowaua wengine.

Sahani tupu ikibaki safi na ya pili ikaota, chakula chako ni kizuri na tatizo liko kwenye sampuli. Sahani tupu ikiota, tatizo ni joto la kuua vijidudu au umiminaji. Zote mbili zikibaki safi, chakula chenyewe kina kasoro. Nimeona watu wakibadilisha mapishi mara nne mfululizo bila kutenga sahani hizi, na kila mara wakarudi pale pale walipoanzia.

Chakula hakigandi

Sababu ya kwanza kuishuku ni uchachu. Agari ikipikwa pamoja na mchuzi wenye pH iliyo chini ya takriban 5.5, minyororo yake hukatika wakati wa kuchemka, na hata ukiongeza agari mara mbili utapata uji tu. Nilijifunza hili kwa maganda ya nanasi. Nilikuwa nimeyapata bure, nikayachemsha, nikatia agari na kuweka sufuria ya presha motoni. Asubuhi iliyofuata sahani ishirini zilikuwa zikitikisika kama maziwa lala. Mabaki ya nyanya, maembe mabichi na machungwa hufanya vivyo hivyo. Ama rekebisha pH kabla ya kutia agari, ama pika agari na mchuzi katika chupa mbili tofauti, kisha uzichanganye zikiwa bado za moto.

Sababu ya pili ni agari ambayo haikuyeyuka yote. Agari huyeyuka kwenye nyuzi joto 85 hivi, na Nakuru, kwa kuwa mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo nafasi ipo lakini si kubwa. Unga ukimwagwa ghafla katika maji ya moto hufanya mabonge ambayo ndani yake hubaki makavu. Uloweke kwanza katika maji baridi kwa robo saa, kisha upashe moto huku ukikoroga. Inua chupa dhidi ya dirisha: ukiona chembe zinazong'aa kama mchanga wa ziwani zikizunguka, bado.

Ikiwa umetumia jelatini badala ya agari, huenda hakuna kosa lolote ulilofanya, kwa maana jelatini huanza kulainika kwenye nyuzi joto 25 hadi 28. Asubuhi ya Nakuru itaganda vizuri. Mchana wa Kisumu itarudi kuwa mchuzi. Tatizo hilo hilo liliwasumbua watu wa maabara ya mtaalamu wa bakteria Robert Koch huko Ujerumani, hadi mwaka 1881 Fanny Hesse, aliyekuwa akitumia agari kugandishia vyakula vya nyumbani, alipompendekezea mumewe Walther, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, waitumie kukuzia bakteria. Zaidi ya hayo, bakteria wengi huitafuna jelatini wenyewe, na maganda ya nanasi na papai yana vimeng'enya vinavyoikata. Kwa upande wetu wa ziwa, jelatini isikupotezee wakati.

Kimeganda, lakini hakuna kinachoota

Sahani ya nyasi kavu ikibaki tupu baada ya siku mbili kwenye nyuzi joto 25 hadi 30, uliza kwanza kuhusu pH. Karatasi za kupimia zinatosha. Mchuzi wa samaki uliolala usiku mmoja bila kufunikwa huenda umeshabadilika, na mchuzi wa maganda ya matunda karibu kila mara ni mchachu. Kupandisha pH tumia magadi, lakini kwa ncha ya kijiko, kwa sababu magadi yana nguvu kuliko soda ya kuokea na ukizidisha kidogo utavuka 8 kabla hujatambua. Kushusha, tone la siki linatosha. Kumbuka pia kwamba presha hushusha pH kidogo, kwa kawaida kati ya 0.2 na 0.4, na ndiyo maana ninalenga 7.4 ili nibaki na 7.2 au chini yake kidogo.

Baada ya pH, chunguza kile ulichoingiza bila kujua. Mkate uliobaki unaonekana kuwa chakula kizuri, lakini mikate mingi ya dukani hutiwa propioneti ya kalsiamu, dawa ambayo kazi yake ni kuzuia kuvu na bakteria wa jamii ya Bacillus, yaani wale wale uliowapanda. Juisi nyingi za chupa huwa na benzoeti, dawa nyingine ya kuhifadhi. Maganda ya vitunguu na vitunguu saumu yana kemikali za salfa zinazozuia bakteria. Makapi ya chai, ambayo wanafunzi wangu huyapenda kwa sababu yapo kila asubuhi, pamoja na maganda ya ndizi mbichi, yana tanini zinazoshikana na protini na kuifanya isiliwe. Ukiwa na shaka na kitu kimoja, kiondoe na upike lita nusu bila hicho, usijaribu kukisia.

Chumvi inahitaji maneno yake. Mwaka wangu wa kwanza Nakuru nilichukua mchuzi uliobaki katika jiko la wafanyakazi, wa mifupa ya ng'ombe, mzito na wenye harufu nzuri, nikauchemsha hadi ukapungua nusu kwa kudhani kwamba ninaongeza virutubishi. Bakteria wa mala hawakuota hata kidogo. Mpishi alikuwa ametia chumvi ya kutosha watu, kisha vipande vya kukolezea ambavyo navyo ni chumvi kwa sehemu kubwa, nami nikaongeza ukali huo maradufu. Kilichoota katika sahani mbili ambazo mwanafunzi alizigusa kilikuwa makoloni ya duara (koloni ni fungu la bakteria linaloonekana kwa macho) yanayofanana na ya stafilokoki, bakteria wa ngozi, ambao huvumilia chumvi hata ya asilimia 7.5. Kwa maneno mengine, chakula chenye chumvi nyingi huwafukuza unaowataka na kuwakaribisha usiowataka kabisa. Tangu siku hiyo huchukua mabaki kabla hayajaungwa.

Ikiwa pH ni nzuri na hakuna sumu, lakini makoloni ni madogo kama ncha ya sindano na yanachukua siku nne kuonekana, basi chakula kina protini ambayo bakteria hawawezi kuimeza. Protini nzima ni kubwa mno. Bakteria wengi huhitaji vipande vyake vidogo, na peptoni inayouzwa dukani si kitu kingine ila protini iliyokatwakatwa. Hapa papai bichi ndilo lililonisaidia kuliko kifaa chochote. Mgongo wazi husagwa pamoja na maji ya uvuguvugu, kisha hukwangua papai bichi kwa kisu na kukusanya utomvu mweupe unaotiririka, kiasi cha kijiko cha chai kwa lita. Utomvu huo una papaini, kimeng'enya kinachofanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 60 hadi 70. Sina mashine ya kushikilia joto hilo, kwa hiyo hutumia chupa ya chai: mchanganyiko wa nyuzi 65 humiminwa ndani, kizibo hufungwa, na baada ya saa nne huwa bado uko juu ya 50. Unapofungua, utaona mabadiliko kwa macho. Minofu iliyokuwa imeelea kama pamba imetoweka, maji yamekuwa ya rangi ya chai ya rangi, na harufu imegeuka kutoka ya samaki kuwa ya supu nzito. Chemsha kwa dakika kumi ili papaini ife, kisha endelea kama kawaida. Vaa glovu unapokwangua, kwa sababu utomvu huo huwasha ngozi.

Upungufu mwingine ni wa vitamini za kundi B. Hamira ya mwokaji, gramu kumi katika maji nusu kikombe, ikikaa usiku mzima kwenye joto la nyuzi 50 hujipasua yenyewe na kutoa maji yenye vitamini hizo. Bakteria wa mala, ambao ni wachaguzi wakubwa wa chakula, hawaoti vizuri bila maji hayo.

Mara nyingine kosa si la chakula. Sahani zilizooshwa kwa klorini na kusuuzwa haraka haraka hubaki na dawa ya kutosha kuua. Na ukipanda sampuli juu ya agari ambayo bado inachoma kiganja, umeipika.

Sahani tupu imeota

Hii ndiyo dalili inayoleta lawama zisizo na msingi, kwa maana kila mtu husema chumba ni kichafu. Angalia kwanza mahali makoloni yalipo. Yakiwa juu tu ya agari, yaliingia wakati wa kumimina. Yakiwa ndani ya agari, katikati na chini, yalikuwa hai ndani ya chupa, na hapo huna budi kurudi kwenye moto.

Vitabu husema presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 15, ambayo hutoa nyuzi joto 121. Hilo ni kweli Mombasa. Kipimo cha sufuria huonyesha presha iliyo juu ya ile ya hewa ya nje, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kwa presha hiyo hiyo, Nakuru utapata takriban nyuzi 118 tu, na Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, takriban 119. Tofauti ya nyuzi tatu inaonekana ndogo, lakini kwa spora inapunguza nguvu ya joto kwa nusu. Kwa hiyo Nakuru hupika kwa dakika 30, na Kisumu kwa 25. Sufuria nyingi za nyumbani hazifikii hata paundi 15. Soma maandishi yaliyo chini ya uzito wake au katika kijitabu kilichokuja nayo, na uongeze muda ipasavyo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kutoa hewa. Mvuke uliochanganyika na hewa hauna joto la mvuke mtupu, hata kama presha ni ile ile. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika saba au nane kabla ya kuweka uzito. Vizibo vya chupa vilegezwe, na chupa isijazwe kupita theluthi mbili. Chupa ya lita moja huchelewa kupata joto katikati, kwa hiyo mimi hugawa katika chupa za mililita 250.

Asiye na sufuria ya presha anaweza kutumia njia aliyoieleza mwanasayansi John Tyndall mwaka 1877, ya kupasha joto kwa awamu. Chupa huwekwa katika mvuke wa maji yanayochemka kwa nusu saa, siku tatu mfululizo, na katikati huachwa kwenye joto la kawaida la chumba. Spora zilizopona siku ya kwanza huchipua usiku, na mchemko wa siku ya pili huzikuta zikiwa laini. Usiziweke kwenye friji kati ya siku hizo, kwa sababu baridi itazizuia kuchipua na utakuwa umechemsha bure. Maganda ya viazi ndiyo yanayohitaji uangalifu wa namna hii, kwa kuwa yametoka udongoni na udongo umejaa spora. Yasugue kwa brashi kabla ya yote.

Ikiwa makoloni yako juu tu, mimina karibu na mwali wa taa ya spiriti, funga madirisha, usizungumze, na inua kifuniko upande mmoja tu kwa kadiri ya mdomo wa chupa.

Ukungu umetawala

Nyuzi za kijani au nyeusi zinazofanana na sufi zikifunika sahani za sampuli huku sahani tupu ikiwa safi, chakula chako kinawapendelea kuvu: kina sukari au wanga mwingi, na pH iko chini ya 6. Punguza viazi, ongeza samaki, pandisha pH. Kisumu wakati wa mvua za masika unyevu wa hewa huongeza tatizo, na maji yanayojikusanya kwenye kifuniko hubeba spora kutoka koloni moja hadi jingine. Mimina agari ikifikia nyuzi 50 hivi, unapoweza kuishika chupa bila kuiachia, na sahani zikishaganda zigeuze, kifuniko kiwe chini.

Mchuzi una mawingu

Kwa chakula kigumu mawingu ya mchuzi si neno, lakini kwa chakula cha maji ni kasoro kubwa, kwa sababu mawingu ndiyo tunayotumia kujua kama bakteria wameota. Mafuta ya samaki huondolewa kwa kulaza mchuzi kwenye baridi usiku mmoja na kuyaengua juu. Wanga huondolewa kwa kutochemsha viazi hadi vikavurugika. Mawingu meupe yanayotokea mara tu unapotia magadi ni fosfeti ya kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana mapishi yangu yanachemsha na kuchuja mara ya pili baada ya kurekebisha pH, na anayeruka hatua hiyo atayakuta mawingu hayo ndani ya sufuria ya presha. Ute wa yai moja uliopigwa na kuchemshwa ndani ya lita moja hukusanya chembe zilizosalia, kisha kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara nne hukamilisha kazi.

Rangi ya kahawia iliyokolea pamoja na harufu ya sukari iliyoungua ni alama ya kupika kupita kiasi. Sukari, kama unaitumia, ipikwe katika chupa yake.

Jana kilifanya kazi, leo hakifanyi

Mabaki ya jikoni hayafanani kutoka wiki hadi wiki, na hakuna mapishi yatakayoshinda hilo ukipika kila mara kutoka kwenye ndoo mpya. Kausha kwa wingi. Mgongo wazi na maganda ya viazi vikianikwa juani hadi vikatike kwa sauti, kisha vikasagwa, kila kimoja peke yake, hutoa unga unaodumu muhula mzima ndani ya debe lisiloingiza unyevu, nawe utapima kwa gramu badala ya kukisia kwa konzi. Kwa unga mkavu tumia gramu 60 za samaki badala ya 250. Nilipomwomba mama mmoja wa ufuo wa Dunga, Kisumu, aniwekee mifupa ya wiki nzima, aliniuliza, "Mwalimu, kwani unafuga mbwa wangapi?"

Shuku maji pia. Visima vingi vya Nakuru vina floridi na bikaboneti nyingi, na maji yenye bikaboneti yakichemka hupoteza kabonidayoksaidi na pH yake hupanda bila wewe kutia chochote. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, ambayo huondoka kwa kuchemsha maji chombo kikiwa wazi. Maji ya mvua kutoka kwenye paa lililokwisha kuoshwa na mvua za kwanza ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Kuhusu unachopanda na unachotupa

Chakula kinachowafaa bakteria wa mala kinawafaa pia wale wa kidonda na wa choo, nacho hakichagui. Usipande usaha, mate, kinyesi wala kitu kilichotoka hospitalini, na usikuzie kwenye nyuzi 37, joto la mwili, bali 25 hadi 30. Sahani iliyoota hufungwa kwa utepe na haifunguliwi tena na wanafunzi. Kabla ya kutupwa hurudi katika sufuria ya presha kwa dakika 30, na sufuria hiyo isitumike tena jikoni; yangu nimeipaka rangi nyekundu kwenye mkono. Sahani za plastiki nyembamba hukunjamana kwa joto hilo, kwa hiyo huziweka ndani ya sufuria ndogo yenye kifuniko, la sivyo agari hutiririka na kuziba vali ya mvuke.